Walinikodisha mabuti yaliyooza, halafu wakanikata dhamana

Nilishajiapiza siandiki kitu, nikasema ngoja hasira zipoe kwanza, na wiki kadhaa zimepita kweli. Sasa leo nafungua begi natafuta soksi nakutana na soli. Soli ya buti la kushoto, nimerudi nayo Dar kutoka Arusha kama zawadi. Basi acha niandike tu.

Ni Mlima Meru, kipindi hiki cha baridi. Nilienda na kampuni moja ya palepale Arusha, jina sitaji, ila wakisoma hapa watajijua.

Mimi si mtu wa kubahatisha aisee. Miezi kama minne nimejifua, Jumamosi mbio na klabu yetu kutoka Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi, Jumapili vilima vya Pugu na begi lenye chupa za maji mgongoni, katikati ya wiki ngazi za ofisini, chini mpaka ghorofa ya tisa mara sita, mpaka mlinzi ananiuliza dada, lifti imekufa tena? Najua Dar tuko usawa wa bahari na ngazi hazikufundishi kupumua kule juu kwenye mita elfu nne na kitu, kwa hiyo hilo nilijipanga kwenda pole pole na kunywa maji hata kama sina kiu. Viatu ndo sikujipanga. Niliambiwa usinunue mabuti ya bei mbaya kwa safari moja, tunakodisha hapa.

Jioni ya kuamkia safari nikapelekwa stoo kwao, kachumba ka nyuma kananuka mafuta ya taa na mahema mabichi. Namba 39 walikuwa nazo pea moja tu. Nikaminya ile sehemu ya sponji juu ya soli kwa kidole gumba, ikamomonyoka, yaani kama keki ya juzi, unga ukabaki kwenye kucha. Nikamwambia yule kaka wa stoo, kaka mbona hii inamomonyoka? Alikuwa anakula chipsi, macho kwenye simu, hata kichwa hakuinua: "Dada, hayo mabuti yamefika juu mara nyingi kuliko wewe."

Watu waliokuwepo wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko changu ndo kinaniuma mpaka leo, kwa sababu kidole changu kilishaona, mdomo ndo ukaona aibu. Nikasaini, nikaacha dhamana elfu hamsini, nikaondoka na mabuti.

Mlima wenyewe nisiuseme vibaya, haujanikosea kitu. Unaanzia geti la Momella, mbele yenu askari wa hifadhi na bunduki yake kwa sababu ya nyati, na sio stori, tuliwakuta kweli wamesimama wanatutazama kama tunawadai. Siku ya kwanza mnalala vibanda vya Miriakamba, ya pili vya Saddle, chai na bisi mezani, mpishi anapika kuliko mimi nyumbani. Mchana ule wa pili tukapanda Little Meru kuzoea hewa, pale nikaanza kuhisi mguu wa kushoto kama nimekanyaga chingamu. Nikapuuza.

Tukaamshwa usiku wa manane, saa saba hivi tuko njiani na tochi za kichwani, baridi ya kukata masikio. Rhino Point tukapita vizuri. Halafu kuna kipande cha mwamba cha kushika minyororo, na ni hapohapo katikati nasikia pwa, pwa, pwa. Naangalia chini, soli imeachama kuanzia kisigino kama mdomo wa mamba. Mikono miwili iko kwenye mnyororo, kulia kwangu giza tupu, na kitu pekee kichwani ni yule kaka na chipsi zake.

Mwongozaji wetu msaidizi alinivusha, akanikalisha, akaifunga kwa kamba ya manila, askari akabandua tepu aliyoizungushia tochi yake akatupatia. Ikashika mpaka Cobra Point. Pale ikatoka mazima, na sponji ya mguu wa kulia nayo imeshaanza. Zilibaki kama mita mia mbili na ushee tu za kwenda juu. Nikamwambia mi naenda hata pekupeku. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kupanda tutapanda dada. Kushuka kwenye haya majivu na mawe bila soli, hapo mimi sikubali."

Wenzangu wakaendelea. Mi nikakaa pale nalia, jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, chini yangu shimo lote la volkano na kile kilima cha majivu katikati, na sijui hata nililia kwa hasira au kwa uzuri wa kile kitu. Vyote. Ila hasira ilikuwa nyingi zaidi.

Kushuka kutoka Saddle, kijana mmoja katika wagumu, wale wabeba mizigo, alivua raba zake akanipa. Namba 42, nikajaza soksi mbili mbili. Yeye akashuka na kandambili, na mzigo kichwani, ananipita ananiuliza dada vipi, zinabana? Nikasema moyoni ile elfu hamsini nikirudishiwa tu ni yako.

Sasa tumefika ofisini. Kaka yuleyule. Anageuza mabuti, anatikisa kichwa: umeharibu vifaa vya kampuni, dhamana hairudi. Nikadhani anatania. Nikamuita bosi wao, bosi akanionyesha karatasi niliyosaini, hapo chini kwenye maandishi ya sisimizi. Nikamkumbusha nilivyosema pale stoo, akasema hakuna ushahidi. Nilichukua soli yangu nikaondoka, yule kijana nikampa kilichokuwa pochini, na hakikufika hata nusu ya hamsini.

Nimempelekea fundi viatu wangu Magomeni. Kaishika dakika moja tu. Kasema hii sponji inaoza kwa uzee, hata ukikiweka kiatu kabatini usikivae inaoza tu, unyevu na joto ndo vinaimaliza, na gundi haiwezi kushika kitu kilichooza. Kwa hiyo lile jibu, kwamba yamefika juu mara nyingi kuliko mimi? Ndo ugonjwa wenyewe ule! Alinitajia kasoro ya kiatu mwenyewe, akidhani ananitukana.

Nimewaza pia labda ni kwa vile tunalipa kwa shilingi, bei ya wazawa, ndo tunapewa masalia. Ila nisiseme uongo, Wajerumani wawili tuliokuwa nao walikuja na viatu vyao, kwa hiyo sijui wangepewa yapi.

Nyota? Nilianza na moja. Nikikumbuka mpishi, na mwongozaji, na zile raba namba 42, mkono unataka kuweka nne, na ukiniuliza kama uende na watu wale wa mlimani nitakwambia nenda hata kesho, ila viatu nenda Memorial pale Moshi uchague mtumba wako, minya sponji kwa nguvu, ikitoka unga rudisha. Lakini nyota nikiweka nne anazila yule wa stoo, mgumu hata hazioni. Basi moja. Hapana, mbili, moja ni ya kandambili.

Mabuti wamebaki nayo, soli ya kushoto ninayo mimi. Wakitaka pea ikamilike, ni elfu hamsini, na namba ya kutuma ni ya yule kijana, wanayo.