Vijiti vya kuchomelea: 6013 au 7018? Tazama ncha kabla ya kulipa

Mafundi, karibuni. Mezani nina pakiti mbili za vijiti vya kuchomelea: hii ni E6013 ya milimita 2.5, na hii ni E7018 ya milimita 3.2. Pakiti ya pili ina bei zaidi, na wengi wanainunua wakidhani bei ndiyo ubora. Siyo hivyo.

Soma namba kwanza. 60 maana yake chuma kinachobaki kwenye mshono kinahimili mvuto wa pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. 70 ni pauni 70,000. Ile 1 inasema kijiti kinachoma kwa mikao yote, hata juu ya kichwa. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayoeleza dawa iliyopakwa juu ya waya wa kijiti na umeme unaotakiwa.

Sasa sogeza kamera hapa kwenye ncha. Waya lazima uwe katikati kabisa ya dawa. Hiki kimoja, unaona? Upande wa kushoto dawa ni nene, kulia ni nyembamba. Ukikiwasha, moto utalala upande mmoja, dawa itaungua mshazari kama ukucha, na mshono utapinda hata mkono wako ukiwa umetulia. Ukikuta viwili vitatu vya namna hii kwenye pakiti, irudishe dukani. Halafu tazama mwisho usio na dawa, pale unapobana na koleo la mashine. Kutu hapo ni dalili kwamba maji yameshaingia.

6013 ni rahisi kuipenda. Inawaka kwa kugusa tu, hata kwenye mashine ndogo ya transfoma, na gamba, yaani dawa iliyoyeyuka na kuganda juu ya mshono, linabanduka kwa nyundo nyepesi. Hii ya 2.5 iendeshe kati ya ampea 60 na 90. Kwa bomba za mraba za madirisha, zenye unene wa milimita moja na kitu, shuka mpaka kijiti cha milimita 2, la sivyo utatoboa. Udhaifu wake ni kwamba haizami sana, na ukiburuza taratibu mno gamba linatangulia mbele ya moto na kufungiwa ndani ya mshono.

7018 ni ya kazi inayobeba mzigo: chesisi, trela, nguzo. Ampea 110 hadi 150 kwa hii ya 3.2, koleo la kijiti kwenye chanya, na moto mfupi sana, karibu unagusa. Ukiurefusha unapata vitundu. Transfoma ndogo yenye volti 50 hivi kabla ya kuchoma itakusumbua, kijiti kitanatanata. Na ukikatisha, ncha inafunikwa na kitu kama kioo. Isugue taratibu kwenye chuma kikavu kabla ya kuwasha tena. Usiigonge kwa nguvu, dawa itamomonyoka.

Shida kubwa ya 7018 ni unyevu, na hapa nawaomba sana mnisikilize, hasa ninyi wa Tanga, Mombasa na Dar. Dawa yake imetengenezwa ili haidrojeni iwe kidogo. Ikinyonya maji, moto unayavunja, haidrojeni inaingia kwenye chuma, na ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, chini ya mshono, mahali usipouona. Pakiti ikishafunguliwa, vijiti vinakaa kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi; 7018 za kawaida zikikaa nje zaidi ya saa 4, zinahitaji kuokwa upya karibu nyuzi 350 kwa saa moja. Kuanika juani hakufikii hapo. Ila 6013 usiioke hivyo. Dawa yake inahitaji unyevu kidogo, nyuzi 100 hivi zinatosha.

Kwa hiyo kwa geti na grili, chukua 6013 bila wasiwasi. Kwa trela chukua 7018 iliyofungwa vizuri, ukiwa na oveni. Kama huna, nunua pakiti ndogo unayoimaliza ndani ya saa hizo 4, na uifungue ukiwa umeshasaga kutu na rangi yote kwenye kiungo.