Tahadhari: kipande cha kifuniko cha hewa cha Land Rover ya zamani "kilichokarabatiwa"

Wadau wa Land Rover za zamani, nimeliwa, na naandika ili mwingine asiliwe. Kuna jamaa anauza kipande cha bodi ya chini ya kioo cha mbele kikiwa kamili, yaani kifuniko cha hewa, bawaba, mpira na mkono wake wa kufungulia. Anasema amekikata kwenye gari lililokufa, akakisafisha na kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Jina lake sitaji, maana halina faida: anabadilisha majina kama mashati. Bora muijue kazi yake.

Anayezimiliki gari hizi anavijua vile vifuniko viwili virefu chini ya kioo. Ndiyo kiyoyozi chetu. Unasukuma mkono chini ya dashibodi, kifuniko kinainuka, upepo unapita kwenye wavu wa wadudu na kukupiga usoni. Vilidumu miaka na miaka hadi kwenye Defender, Land Rover iliyorithi hizi za zamani, vikaja kuondolewa mwaka 2007 dashibodi ilipobadilishwa. Gari langu ni Series III, moja ya Land Rover hizo za zamani, na kifuniko cha kushoto kilikwama kikiwa kimefungwa. Nilisukuma mkono mpaka ukaanza kupinda, nikaacha.

Nikauliza huku na huku, ndipo jamaa akanifuata mwenyewe. Alianza kwa kunitisha. Kifuniko kikikwama, akasema, ujue ukuta wote wa chuma ulio mbele ya miguu yako umeoza kwa ndani, siku yoyote kioo kitakushukia. Na ujanja wake ni kwamba hajatunga uongo wote. Bodi ya gari hizi kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, lakini ule ukuta ni chuma, na kweli huoza, hasa kwenye kona za juu na karibu na miguu. Mtu ukishasikia hivyo unaanza kuona kutu hata pasipo na kutu. Kumbe kukwama kwa kifuniko peke yake hakuthibitishi chochote. Mara nyingi ni pini ya bawaba iliyoshika kutu, au mpira uliogandana na rangi kwa sababu mtu alipaka gari upya bila kuufungua.

Akanitumia video fupi: kifuniko kinafunguka, kinafungwa, laini kabisa. Nikaomba picha ya upande wa nyuma, akasema kimeshafungwa kwenye boksi. Nikaomba nikione kwa simu ya video, mtandao ukawa mbovu. Halafu akatokea "mteja mwingine" aliyekuwa njiani kukichukua. Hapo nikatuma pesa yote. Najua, najua.

Mzigo ulifika ukinuka rangi mbichi. Kwa nje ulipendeza. Nilifungua kifuniko mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Mara ya tatu upande mmoja wa bawaba ukabaki mkononi mwangu. Nilipoitazama pini kwa karibu, ilikuwa msumari wa kupigilia mbao uliokatwa kichwa, ukapigwa tupa na kupakwa rangi ya fedha. Alama za tupa bado zilionekana, na rangi ilitoka kwa ukucha.

Nikachukua sumaku. Kwenye ukingo iliganda vizuri, maana pale kulikuwa na chuma. Nikaiteleza kuelekea katikati, ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena. Sehemu kubwa ya kile "chuma" ilikuwa fila tupu (ule ujiuji wa kuzibia mabonde ya bodi, ukikauka unagumu) juu ya kitambaa cha faiba, imepigwa msasa ikanyooka kama kioo. Kwa kazi ya msasa nampa haki yake, mkono anao. Fundi wangu wa kuchomelea alipojaribu kushika kona kwa moto, ikatoa moshi mweusi wenye harufu kali, ikaanza kububujika. Kama ningekuwa nimekata chuma changu kizima kwanza ili kumpisha huyu mgeni, leo ningekuwa na tundu chini ya kioo.

Nilipomrudia, kwanza alisema kiliharibika safarini. Kisha fundi wangu hajui kazi. Kisha kimya, namba yangu ikafungiwa. Baada ya wiki chache nikaona tangazo jipya lenye jina jingine na video ileile. Nimeijua kwa michirizi miwili ya rangi ya bluu kwenye turubai chini ya kile kifuniko.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kipande cha namna hii, dai picha ya nyuma kabla hakijapakwa rangi, na umtake apitishe sumaku mbele ya kamera huku unatazama, kutoka ukingo hadi ukingo. Muuzaji mkweli hachukii. Rangi mpya kabisa juu ya chuma cha zamani ni sababu ya kuuliza zaidi. Chuma kilichosafishwa kikaachwa na praima tu, yaani rangi ya kwanza ya chini, kinaonyesha kila kitu, kasoro zikiwemo.

Na kabla ya kununua chochote, jaribu hiki nilichofanya baadaye kwa hasira. Nilipitisha kipande chembamba cha plastiki kuzunguka mpira wote ili kuutenganisha na rangi. Nikadondosha mafuta ya kulegeza kutu kwenye ncha za pini asubuhi na jioni kwa siku nne, bila kulazimisha mkono wa ndani, kwa sababu huo ndio unaovunjika kwanza. Siku ya tano nikapasha bawaba kwa kikaushia nywele (si kwa moto, nyuma yake kuna nyaya), nikagonga pini taratibu kwa ubao. Ikatoa mlio kama wa panya, ikasogea kiasi cha unene wa kucha. Mafuta tena, mbele na nyuma, hadi jioni kifuniko kikainuka chenyewe kwa mkono wa ndani. Chini yake nilikuta majani yaliyooza na matope, na ukuta wenye kutu ya juujuu tu. Tochi na bisibisi vilitosha kuthibitisha: niligonga kila sehemu, hakuna ilipopenya.

Kile kipande cha fila sijakitupa. Kipo karakana pamoja na msumari wake, na nimekipiga picha mbele, nyuma na pale kilipoungua. Ukiona tangazo lenye turubai yenye michirizi miwili ya bluu, niambie nikutumie picha hizo ulinganishe.