Bunduki ya .22 na Risasi Inazozipenda

Tazameni karatasi hii. Kijana, sogeza kamera, sogeza tena, hapo hapo. Matundu matano, na yote yanafunikwa na sarafu ya shilingi 500 ya Uganda, ile yenye korongo wetu. Sasa tazameni hii ya pili. Bunduki ileile, darubini ileile, mita 50 zilezile, mzee yuleyule kalala nyuma ya kitako. Hapa sarafu haitoshi, labda mdomo wa kikombe cha chai. Nilichobadilisha ni boksi la risasi tu.

Ndugu zangu, wiki iliyopita wengi mlitaka nichambue bunduki yenyewe, hii ndogo ya .22 iitwayo CZ 457. Nitaipitia haraka. Inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, ilitoka mwaka 2019, ni ya komeo, unakoki kwa mkono. Komeo linainuka nyuzi 60 tu, kwa hiyo mkono haugongi darubini. Magazini inabeba tano. Kifyatulio unakirekebisha mwenyewe. Bunduki nzuri, imekwisha hiyo. Kinachonisumbua mimi ni watu wanaonunua bunduki nzuri, wanailisha chochote kilichopo dukani, halafu wanasema mtutu umepinda.

Najua kuna atakayeuliza: afande, si uyajaze upya mwenyewe maganda yaliyotumika, kama wanavyofanya Wamarekani? Risasi kubwa, ndiyo, zinajazwa. Fataki yake, ile inayowasha baruti, imekaa katikati ya kitako cha ganda. Unaing'oa, unaweka mpya, unapima baruti kwa mizani, unapandisha au kushusha kichwa, kile kinachoruka, kidogo kidogo mpaka mtutu uridhike. Lakini hii .22 fataki yake imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, pale chini kabisa. Pini ikigonga, ukingo unapondeka, na ganda limekufa. Kujaza kumefungwa. Kilichobaki ni kuchagua. Na hata hizo kubwa, hapa Uganda baruti hainunuliwi kama chumvi. Silaha na risasi zina sheria yake tangu 1970, kwa hiyo usinitumie ujumbe kuniuliza nani anazipitisha Busia kwa boda. Nenda polisi, chukua kibali.

Haya, nilikuwa na maboksi matatu. La kwanza SK Standard Plus, kutoka Schönebeck, Ujerumani. La pili CCI Standard Velocity, la Marekani. La tatu ni la bei rahisi, za mwendo mkali, jina nalibakiza moyoni. Zote kichwa chake ni gramu 2.6, kwa hiyo msidhani uzito ndio ulioleta tofauti.

Siku ya kwanza nilijiharibia mwenyewe. Nilipiga tano za boksi moja, tano za jingine, tano za jingine, nikarudi nyumbani najiona mtaalamu. Upuuzi mtupu. Vichwa hivi ni vya madini laini yaliyopakwa nta au grisi, na kila kiwanda kina mapishi yake. Ukibadilisha boksi, mtutu bado una mafuta ya jana. Lazima upige 20 au 30 kwanza ili uzoee, ndipo uanze kuhesabu. Asubuhi nzima ile nilikuwa napima mchanganyiko. Karatasi zake nimewashia jiko.

Siku ya pili nilifanya kwa adabu. SK ndizo zilizonipa hii ya sarafu, tena si mara moja. CCI zilifuata kwa karibu, zikitupa moja pembeni mara kwa mara, na kwa kuwinda kanga shambani sioni kwa nini ulipe zaidi. Za mwendo mkali ndizo hizi za kikombe. Nitawaambia ninavyoelewa sababu. Risasi ya kawaida inatoka mtutuni kwa mita 325 hivi kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, ambao kwa joto letu ni kama mita 345. Ya mwendo mkali inatoka juu ya hapo, halafu njiani inapunguza kasi na kuuvuka mpaka huo kurudi chini. Pale kwenye kuvuka hewa inaisukasuka. Na ajabu ni kwamba upepo wa ubavuni unaihamisha zaidi kuliko ile ya polepole.

Halafu kuna kutofautiana kwa risasi ndani ya boksi moja. Mbili zikipishana mita 15 kwa sekunde, kwa mita 50 zinapishana sentimita moja hivi juu na chini. Kwa mita 100, karibu tano. Hapo hata ushike pumzi mpaka macho yatoke, haisaidii.

Nikiwaza jambo hili namkumbuka yule Bell wa Karamoja, Mskoti aliyewinda tembo kule mwanzoni mwa karne iliyopita, zaidi ya elfu moja. Simsifu, walimalizwa vile vile. Lakini wenzake walibeba mizinga, yeye akabeba bunduki ndogo ya komeo, milimita 7, akang'ang'ania risasi za Kijerumani kwa kuwa hazikumwangusha. Aliichagua risasi kwa makini kama alivyoichagua bunduki.

Sasa sikilizeni hili, maana wauzaji hawalisemi. Geuza boksi. Hii namba ndogo hapa ubavuni, kijana leta karibu, ni namba ya mkupuo, yaani risasi zilizotengenezwa kwa pamoja kiwandani. Boksi jingine la jina hilohilo, rangi hiyohiyo, lenye namba nyingine, linaweza kupiga tofauti kabisa. Kwa hiyo nunua moja moja za mikupuo tofauti, jaribu, na ukiipata inayopendwa na mtutu wako, rudi siku hiyohiyo uchukue za namba ile kadiri kibali chako kinavyoruhusu. Mimi nilirudi baada ya siku tatu. Nikakuta mbili tu, ndizo hizi mezani, na Jumamosi upepo ukitulia nazipeleka mita 100.