Land Rover 109: seti ya kielektroniki badala ya platini, uzoefu wangu

Gari ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) ya Lucas 45D4. Asubuhi za baridi stata ilizungusha vizuri tu, injini haishiki. Ikishika, inamisi mpaka ipate joto. Platini, yaani vidude viwili ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme wa koili, zilikuwa zinaungua mapema, na kondensa (inayopunguza cheche za platini) za siku hizi hazidumu, kwa hiyo nikanunua seti ya kielektroniki: pete ya sumaku inayovaa kwenye shafti ya distribyuta chini ya rota (kile kinachozunguka kugawa moto), na moduli ndogo inayohisi sumaku ikipita na kukata umeme wa koili (inayokuza volti za kuwasha plagi) badala ya platini.

Fundi umeme wangu alikataa kuifunga kabla ya kupima. Aligeuza injini mpaka platini zikagusana, akafungua swichi, ndipo akashika mita. Betri volti 12.5, chanya ya koili 11.1. Akaziachanisha platini kwa kipande cha karatasi, koili ileile ikasoma 12.5! Wengi wanapotelea hapo. Karenti isipopita, waya mbovu husoma kama mzima. Koili yenye omu 3 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ikianza kuvuta ampea zake 4, kutu yote inajitaja. Na hapo stata bado haijala chake. Ikizunguka, betri yenyewe inashuka, plagi zinabaki na moto wa kuombea dua.

Ugonjwa ulikuwa kwenye waya mweupe unaotoka swichi ya funguo: viungio vyake vimeota ukoko wa kijani. Vikasafishwa, vingine vikabadilishwa, koili ikapata 12.3. Gari likaanza kuwaka asubuhi, na seti bado imo kwenye boksi lake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifu seti kwamba imemtibia gari, muulize kwanza waya zake zilipimwa lini.

Hata hivyo niliifunga, na siitoi. Silensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia. Habari ya kuhangaika na fila geji (vibati vya kupimia nafasi) kutafuta milimita 0.35 hadi 0.40 kati ya platini imekwisha, na taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) haihami maana hakuna kinacholika. Shafti yangu imechoka kidogo, jambo ambalo platini hazikulivumilia. Sumaku hailalamiki sana.

Kufunga ni rahisi, hakuna kutoboa. Waya mwekundu chanya ya koili, mweusi hasi. Ukibadilisha, umeua moduli. Usiache swichi wazi injini ikiwa imezimwa ili usikilize redio, moduli itaungua pia. Koili iwe ya omu 3 au zaidi; zile za omu 1.5 zinazotegemea rezista hazifai hapa. Waya za plagi ziwe za kaboni, kwa sababu za shaba tupu huivuruga moduli. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti yangu haikutaja omu kabisa, na kwa bei ile naona ni uzembe.

Kwa gari la mjini, nunua bila wasiwasi. Kwa gari la porini, jua kwamba platini unaweza kuipiga msasa ukafika nyumbani, lakini moduli ikifa imekufa. Usitupe sahani ya zamani iliyobeba platini: ifunge platini na kondensa nzima, rekebisha nafasi ya platini kabisa, uiweke kwenye boksi la spana pamoja na bisibisi inayoingia kwenye skrubu zake.