Gari la porini la zamani: lipi la kuanza nalo, lipi la mwisho

Kipimo changu cha kwanza cha gari kuukuu ni bisbisi bapa. Niliwahi kwenda kutazama gari lililong'arishwa hadi matairi, na chini limepakwa rangi nyeusi nzito ambayo bado inanuka. Nikalala chali, nikaigandamiza bisbisi kwenye chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari), pale juu ya ekseli ya nyuma. Ikazama mpaka kwenye mpini. Muuzaji akaniambia hiyo ni kazi ndogo ya kuchomelea. Nikajikung'uta vumbi, nikaaga.

Injini hufanyiwa oveholi na gia boksi hununuliwa nyingine, ila chesisi iliyooza ni kama nyumba iliyooza msingi. Ndiyo maana kwenye orodha hii sikujali jina wala kilomita za dashibodi (ambazo huchezewa). Nimeangalia chuma kinavyodumu, na kama fundi mwenye spana za kawaida anaweza kuliwasha gari likizima mbali na gereji.

1. Toyota Land Cruiser 70, injini ya 1HZ

Familia hii ilitoka 1984, na 1HZ ikaingia 1990: dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) wala kompyuta ya kuilisha mafuta. Ni nzito kuondoka, inakunywa, na ikiwa haina mzigo springi zake bapa zitakuhesabia kila jiwe. Lakini haibagui mafuta, na spea zake zimesambaa. Muulize muuzaji mkanda wa taimingi (unaopanga valvu na pistoni ziende kwa zamu) ulibadilishwa lini. Desturi ni kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hugonga pistoni. Asipokuwa na jibu, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikuta 1HZ iliyobandikwa tabo baadaye, chunguza mara mbili, maana joto la ziada huipasua silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini). Tatizo la gari hili ni umaarufu wake: watu huuza hata mikweche yake kwa bei ya kujivunia.

2. Nissan Patrol, toleo la Y60 au Y61, injini ya TD42

Moyoni mwangu hili linakaribia kuwa la kwanza. Nalo ni lita 4.2, silinda 6, ila taimingi yake huendeshwa na gia, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukukosesha usingizi. Ekseli ni za kipande kimoja mbele na nyuma, springi ni za koili, na safari ndefu haikuvunji mgongo. Limekuwa la pili kwa sababu spea zake hazipatikani kirahisi kama za Toyota. Angalizo moja tu: Y61 yenye injini ya ZD30 ya lita 3.0, hasa za miaka ya mwanzo, ni jambo jingine kabisa. Sifa yake mbaya ni kuunguza pistoni. Funua boneti usome namba ya injini, usitegemee maneno.

3. Land Cruiser 80

Kwa starehe na nguvu, hili linayashinda yote mawili ya juu. Nimelishusha kwa kuwa lina mambo mengi zaidi ya kuharibika. Injini ya tabo ya 1HD-T, ya hadi 1995, inajulikana kwa kula beringi za koneksheni rodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki). Ukizibadilisha mapema unaendelea na maisha, ukisubiri kelele umechelewa.

Haya matatu yana ugonjwa wa pamoja ambao wanunuzi wengi hawauoni. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna tufe la chuma ambalo gurudumu hukatia kona. Lipitishe kidole. Ukipata utando mwembamba wa grisi, sawa. Kidole kikitoka na supu nyeusi inayochuruzika, sili ya ndani imekufa, na oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inaiosha grisi ya jointi iliyo ndani ya tufe. Sili ni kitu kidogo, lakini kazi ya kuifikia inamaliza siku nzima. Ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

4. Toyota Hilux, injini ya 3L au 5L

Kama unahitaji pikapu ya kazi, ipandishe daraja hadi ya pili. Ni nyepesi, rahisi na mvivu kwenye mlima. Ikwepe ya 2L-T, ambayo silinda hedi yake hupata nyufa ikichemshwa.

5. Land Rover Defender, injini ya 300Tdi

Mabodi ya alumini hudanganya. Gari linang'aa, kumbe chesisi ya chuma chini yake inaliwa, hasa boriti ya nyuma kabisa na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. Likiwa zima, hulifungua na kulifunga mwenyewe kwa spana chache, na ukipenda mafundi wakuzoee, utalipenda. Td5, kuanzia 1998, ina kompyuta, na oili ina tabia ya kupanda kwenye nyaya za injekta hadi kuifikia.

Pajero la kuanzia 1991 ni gari zuri la familia linaloweza tope, nalo linafuata hapa. Suzuki Jimny ya petroli ya lita 1.3 ni kwa asiyebeba mzigo. Usukani wake ukitetemeka kwa kasi, anzia kwenye beringi za kingpini, ambazo gurudumu la mbele hugeukia.

Siku ya kutazama, omba injini isiwashwe kabla hujafika. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, na ukiona rangi ya chai ya maziwa, yaani oili imechanganyika na maji, funga uondoke. Halafu mwambie muuzaji apige stata ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa bluu usiokwisha ni oili inayoungua.

Ukishalinunua, usiende popote kwanza. Badilisha oili zote, za difu zote mbili na za gia pia, kisha mipira ya maji, filta na mkanda kama upo. Halafu tafuta vibomba vya kupumulia vya difu. Difu yenye joto ikiingia mtoni hupoa ghafla, na kibomba kikiwa kimeziba, hunyonya maji kupitia sili; kikiwa kimekatika, huyanyonya kupitia kibomba chenyewe. Kivute kila kimoja, kipulize kwa mdomo, na kisipopitisha hewa, kizibue kwa waya.