Windy kwa waandaaji wa mashindano Goma na Bukavu, ikipimwa kwa kipimo cha Olimpiki za baridi

Kamati nyingi zinazoandaa mbio za barabarani Goma au mashindano ya mitumbwi Bukavu hufungua Windy, programu ya hali ya hewa, kwenye simu, zikaona jua limechorwa, zikaandika kwenye ripoti kwamba meteo imeangaliwa. Programu yenyewe ni nzuri. Tunaipa nyota 4 kati ya 5 kwa kupanga siku 3 mbele, na nyota 2 kwa saa 3 za mwisho kabla ya filimbi. Kipimo chetu ni Olimpiki za Majira ya Baridi, kwa sababu wale nao hucheza milimani, mahali ambapo bonde moja lina jua na bonde la pili limefunikwa na ukungu.

Windy ilianzishwa mwaka 2014 huko Ucheki. Haitengenezi utabiri wake yenyewe: inachora mahesabu (modeli) ya vituo vikubwa, hasa ECMWF ya Ulaya, GFS ya Marekani na ICON ya Ujerumani. Faida yake kubwa iko hapo. Bonyeza juu ya mji wako, fungua sehemu ya kulinganisha modeli, uzisome zote kwa pamoja. Zikikubaliana kuhusu mvua ya Jumamosi mchana, chukua turubai. Zikipingana, usichague ile inayokufurahisha. Andika kwamba siku hiyo haijulikani bado, kisha uangalie tena baada ya muda wa saa 12.

Kabla ya yote, angalia kipimo cha upepo. Mara nyingi namba zinakuja kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Anayeona 20 akadhani ni kilomita anaruhusu mitumbwi iingie ziwani kwenye upepo wa kilomita 37 kwa saa. Kosa hili ni dogo kwenye skrini na ni kubwa majini. Gusa mstari wa rangi ulio chini ya ramani mpaka usomeke km/h.

Sasa udhaifu. Modeli ya ECMWF inagawa dunia katika vipande vya takriban kilomita 9. Kutoka katikati ya Goma hadi kreta ya Nyiragongo ni kama vipande viwili tu, ingawa mlima unapanda kutoka ziwa lenye kimo cha mita 1,460 hadi mita 3,470. Modeli inausawazisha mlima ule, inauona kama kilima butu. Kwa hiyo mawingu yanayozaliwa mchana kwenye miteremko yake, na upepo unaoshuka ziwani usiku, vinaonekana hafifu au havionekani kabisa. Bukavu ni hivyo hivyo: Kadutu inaweza kulowa huku Nguba ikiwa kavu, na kwa modeli hizi mitaa yote miwili ni kipande kimoja. Ukisoma milimita 6 za mvua ndani ya saa 3, ujue ni wastani wa eneo zima. Uwanjani inaweza kuwa milimita 25 au sifuri.

Kuna pia suala la saa, ambalo wengi hawalijui. Mahesabu makuu ya ECMWF huanzia kwenye vipimo vya saa 8 usiku na saa 8 mchana kwa saa za Goma, na matokeo hutoka kama saa 6 au 7 baadaye. Maana yake, mwandaaji anayeamka saa 11 alfajiri na kufungua toleo la bure anasoma hesabu iliyoanzia jana mchana. Kama mbio zinaanza saa 1 asubuhi Jumapili, kikao cha kuamua kifanyike Jumamosi saa 3 na nusu usiku, baada ya hesabu mpya kufika. Kikao cha saa 11 jioni kinatumia habari ya asubuhi.

Je, wenzetu wa theluji wanafanyaje? Kwa Vancouver 2010, Kanada iliweka vituo vya kupimia kwenye milima ya mashindano miaka kadhaa kabla, ikaendesha modeli yenye vipande vya kilomita 1, na watabiri wakaizoea milima ile msimu baada ya msimu. Hata hivyo mbio za wanaume za kuteremka kwa skii zilisogezwa kutoka tarehe 13 Februari hadi 15 kwa sababu ya joto na theluji laini. Sochi 2014, ukungu ulisimamisha bayatloni (mbio za skii na kulenga shabaha) tarehe 17 Februari. PyeongChang 2018, upepo uliahirisha mbio za skii tarehe 11 na 12 Februari. Ratiba zao zilikuwa na nafasi ya kuhamishia mashindano, na kila mchezo ulikuwa na mpaka wake: upepo kiasi gani, macho yaone umbali gani, theluji iwe ngumu kiasi gani. Mtabiri hakuulizwa kama siku itakuwa nzuri. Aliulizwa kama mpaka ule utavukwa, na saa ngapi.

Windy haiwezi kukuandikia mipaka hiyo, na hapa ndipo kamati zetu zinapolegea. Iandikeni wiki mbili kabla, kwenye karatasi moja. Sisi tungeanza hivi: mitumbwi haiingii ziwani upepo wa ghafla ukifika kilomita 25 kwa saa, lango linalojazwa hewa na mabango makubwa vinashushwa kwenye kilomita 40, radi haina mjadala. Kabare, jirani na Bukavu, inahesabiwa kati ya sehemu zenye mimweko mingi zaidi ya radi duniani, zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10: watu wote waondoke uwanjani na majini, waingie ndani ya jengo au gari lililofungwa. Hema si kinga. Mchezo unarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Kwa saa 3 za mwisho acheni utabiri, fungueni picha ya satelaiti humo humo ndani ya Windy. Chukua picha mbili zilizopishana nusu saa. Ukingo wa wingu ukiwa umesogea kilomita 10, mwendo ni kilomita 20 kwa saa. Likiwa bado kilomita 30 mbali, mna saa moja na nusu. Njia hii inafaa asubuhi. Mchana inadanganya, kwa kuwa wingu jipya linaweza kuota juu ya vichwa vyenu bila kusafiri kutoka popote. Ndiyo maana muwe na watu wa kupiga simu: mmoja Sake, mmoja Kibumba, mmoja Idjwi, na wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa) ambao wamekesha ziwani na wameona radi ilikuwa upande gani.

Kuhusu mega: ramani inayotembea inazila haraka, jedwali la mji mmoja linatumia kidogo sana. Toleo la kulipia linatoa hatua za saa 1 badala ya 3 na hesabu mpya mara 4 kwa siku. Kwa kamati yenye mashindano mawili kwa mwaka tusingelinunua. Hela hiyo iende kwenye vocha za wale wanne wa kupiga simu, na kopo la kupimia mvua lenye kuta zilizonyooka, liwekwe uwanjani kuanzia leo, lisomwe kila siku saa 1 asubuhi.