Kulala nyumba ya zamani Shela na kupelekwa Takwa: uzoefu wangu

Wengi wakifika Shela, kile kijiji cha kisiwa cha Lamu, ni bichi, picha na punda, basi wamerudi. Mi nataka niongelee nyumba zenyewe na mji ulivyoanza, maana tulichukua pakeji ya kulala kwenye nyumba ya zamani pamoja na mzee wa kututembeza kijijini na Takwa, mimi na dadangu na watoto wake. Mzee nampa tano kwa tano. Nyumba tatu na nusu, nitafika huko.

Kitu cha kwanza mzee alichofanya ni kukataa kuanza na Shela. Akasema "mwanangu, huwezi kuijua Shela kabla hujaiona Takwa", na akapanga muda kwa maji sio kwa saa, kwa sababu Takwa iko kisiwa cha Manda ng'ambo na ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko boti inaingia maji yakiwa yamejaa tu, yakitoka mmekwama kwenye tope. Takwa ni magofu, mji uliokaliwa kama kuanzia 1500 hadi 1700 hivi, una ukuta umeuzunguka, nyumba karibu zote zimeelekea kaskazini upande wa kibla, na msikiti wa ijumaa ambao juu ya ukuta wa kibla kuna nguzo imesimama, sijaona msikiti mwingine hivyo. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya 1680. Siku hizi pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pasafi, kimya, mibuyu mikubwa, watoto walipapenda kuliko bichi ata sikutegemea.

Sasa hadithi ni kwamba maji ya visima Takwa yaligeuka chumvi, watu wakahama wakavuka mlango wa bahari wakaanza maisha Shela, ambako chini ya yale matuta ya mchanga kuna maji matamu, ndo hayo hayo yanayonyweka Lamu mpaka leo. Kwa hiyo yale matuta sio ya selfi tu jamani. Na watu wa Shela hawajapasahau, bado wanaenda Takwa kuzuru na kuomba dua ya mvua. Ukisimama pale alafu ukarudi Shela ndo unaelewa kwa nini mzee alianzia kule, unaona ni mji ule ule umevuka maji.

Kurudi Shela akatupitisha ufukweni kutuonyesha palipopiganwa vita vya Shela, 1812 hivi, watu wa Pate, kisiwa jirani, na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa enzi hizo, walikuja kuipiga Lamu wakapigwa wao, inasimuliwa walipokimbilia majahazi wakakuta maji yametoka vyombo viko juu ya mchanga. Mzee alivyojua mi ni wa Mombasa alicheka mpaka akakaa chini 😂. Baada ya hapo Lamu ndo wakamwita Seyyid Said, mtawala wa Oman, awalinde. Msikiti wa ijumaa wa 1829 tuliuona kwa nje, ule wenye mnara wa pia mweupe.

Haya nyumba. Kama hujawahi kuingia nyumba ya mawe ya Kiamu, yaani ya Lamu, unaanza na daka, ile sehemu ya mlangoni yenye viti vya kujengea pande mbili, wageni wa kupita wanaishia hapo. Ukiingia njia inapinda, wa barabarani hata mlango ukiwa wazi haoni kitu. Alafu unatokea kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa, unaoleta mwanga na upepo, kisha misana miwili, yaani kumbi ndefu, imefuatana, wa tini (wa chini) na wa yuu (wa juu), kila ukiingia unapanda kidogo na giza linaongezeka, mwisho kabisa ni ndani, chumba cha mwenye nyumba mke, ukuta mzima zidaka, yaani vishubaka, za chokaa zilizochongwa za kuweka sahani za Kichina. Vyumba vyote ni vyembamba na virefu kama behewa la treni, na sababu yake nilikuwa siijui: boriti za mkoko zinabeba paa la mawe na chokaa, na upana wa chumba haupiti urefu ambao boriti inaweza kuubeba, basi. Msitu ndo umepima nyumba. Mchana juu kunaunguza sisi ndani tuko poa bila AC, kuta nene za matumbawe zile sio mchezo.

Shida yangu sasa. Nyumba yetu ilikuwa gofu, ikanunuliwa na mtu wa Ulaya ikakarabatiwa, na Shela ziko nyingi hivyo. Sina chuki, zingeanguka. Lakini kwenye tangazo wameandika nyumba ya asili alafu ukuta wa msana umevunjwa ili sebule iwe pana, kwenye kiwanda wametia bwawa la kuogelea, na zidaka mbili zimepigwa soketi za kuchajia simu!! Choo cha zamani chenye birika, ambalo mzee anasema walikuwa wanafuga samaki ndani ili wawale viluwiluwi vya mbu, kimegeuzwa stoo. Mhudumu nilipomuuliza akasema "dada wageni hawapendi giza". Sawa, lakini basi msiseme asili. Ukitaka kuona vyumba vilivyopangwa kama zamani nenda nyumba ya makumbusho Lamu mjini, ule Mji wa Kale ulioingia UNESCO 2001, ni mwendo wa kama kilomita tatu kwa pwani au boti ya haraka.

Usafi ulikuwa mzuri, chakula kizuri mno (wali wa nazi na kamba, muombeni mpishi mapema), waifai ya kubahatisha, ngazi za juu hazina pa kushika kwa hiyo wenye wazee au watoto wadogo waulize kwanza.

Kama mnaenda, kabla ya kulipia ombeni picha za msana na ndani, sio za rufu na bwawa, mtajua wenyewe. Uliza maji yanajaa saa ngapi ndo upange Takwa, bebeni maji ya kunywa na viatu vya kufunga, na bei ya boti ya kwenda na kurudi mkubaliane mkiwa bado mko nchi kavu.